Geti la Huenda

Harufu ya pamba inayoungua si kali. Ni kama harufu ya nguo iliyopigwa pasi kupita kiasi, na nyuma yake kuna kitu kitamu kidogo, kiasi kwamba mtu asiyekulia kwetu anaweza kudhani jirani anakaanga karanga. Nilikuwa nimekaa sakafuni sebuleni kwetu Bariadi, nimeiwasha kompyuta ya zamani ambayo mama aliifunga kwenye khanga na kuiweka chini ya kitanda kwa miaka mingi. Feni yake ilipoanza kuzunguka, harufu ile ikatoka. Nikaizima haraka, nikafungua mfuniko wa chini kwa bisibisi ya baba, na ndani, kwenye mapanga ya feni, nikakuta nyuzi za pamba zimejisokota kama kiota cha ndege mdogo. Baba alikuwa fundi umeme kwenye jineri, kiwanda cha kuchambua pamba, na pamba ilimfuata nyumbani kila siku: kwenye nyusi, kwenye soksi, hata kwenye chai.

Nilikuwa nimerudi nyumbani na digrii ya elektroniki, bila kazi. Niseme ukweli, niliiwasha ile kompyuta kwa sababu nilikuwa naogopa kuwasha yangu. Kwenye yangu kulikuwa na barua ya kuomba kazi, niliyoiandika siku nne nyuma. Nilikuwa nimeisoma mpaka maneno yakaanza kuonekana ya mtu mwingine, na kila nikitaka kuituma nilihisi kuna mtu anayejua zaidi yangu ambaye lazima aipitie kwanza. Sikujua ni nani. Ndivyo nilivyo. Hata ujumbe wa kumjibu shangazi kwamba nimefika salama huwa naufuta mara tatu. Nilidhani nimezaliwa hivyo.

Kompyuta ile aliiacha mhandisi Mzungu aliyekuja jineri kufunga mashine mpya. Alipomaliza kazi yake akampa baba, kwa kuwa betri ilikuwa imekufa na yeye hakuwa na haja nayo tena. Ilifanya kazi ikiwa imechomekwa ukutani tu, kwa hiyo umeme ulipokatika, nayo ilikata roho papo hapo bila kuaga. Ndani yake kulikuwa na gemu moja.

Kwa wasiowahi kuona gemu za namna ile: humwoni mchezaji. Wewe ndiye mchezaji. Unaona chumba mbele yako kama unavyokiona kwa macho yako, na chini ya kioo unaona mikono miwili tu, imevaa glavu za kijivu. Ukibonyeza, unatembea. Kila chumba kilikuwa na ukuta wa nyaya, na kwenye nyaya kulikuwa na nafasi za kupachika vipande vyenye alama. Mwanga uliingia upande wa kushoto, ukapita kwenye vipande, ukatoka kulia. Ukitoka sawasawa, mlango unafunguka. Usipotoka, unasimama pale na mikono yako ya kijivu.

Nilikuwa na miaka tisa, na niliamini ile mikono ni ya yule mhandisi. Niliamini yuko mahali fulani anafanya kazi mpaka leo, na kila nikibonyeza, huko aliko mkono wake unainuka. Nilimhurumia. Mama akiniita kula, nilikuwa namwegesha karibu na ukuta kwanza, ili apate pa kuegemea.

Kila chumba kilianza na maandishi ya Kiingereza, mistari michache, na hapo ndipo alipoingia kaka yangu Maduhu. Maduhu alinizidi miaka mitano. Alikuwa anasoma Inglishi Midiamu ya bweni Mwanza. Ng'ombe wa babu waliokuwa Mkula walipungua kwa ajili ya shule ile, na sisi wote tulijua walipungua, kwa hiyo Maduhu akirudi likizo tulimtazama kama mtu aliyerudi na mzigo wetu kichwani. Wajomba wakija, waliambiwa, "Msikilizeni kwanza." Naye angesema, "Gudi afutanuni, hau a yu, plizi siti dauni," na mjomba angekaa, na watu wangepiga makofi kwa kuwa Kiingereza kimemkalisha mtu mzima.

Ratiba yetu ilikuwa moja. Baba akishaenda jineri na mama akishaenda shambani, tunachomeka kompyuta. Mimi nakaa mbele kwenye kigoda, kwa sababu vidole vyangu vilikuwa vyepesi. Maduhu anakaa nyuma yangu kwenye kochi. Maandishi yakitokea, anakunja uso, midomo inacheza, kisha anasema, "Inasema hivi."

"Inasemaje?"

"Subiri. Kiingereza hakikimbizwi."

Nami nasubiri. Ila mikono yangu haikuwa na subira, na wakati yeye anasubiri Kiingereza kitulie, mimi nilikuwa nimeshaokota kipande kimoja na kukijaribu.

"Ehee, hicho hicho," angesema. "Ndivyo ilivyoandikwa hapa. Weka pale juu."

"Hapa?"

"Hapo. Wewe bonyeza tu, usifikiri sana, utaunguza mashine ya watu."

Ndivyo tulivyojifunza mageti. Vile vipande vyenye alama viliitwa mageti, hilo hata mimi nililisoma, kwa sababu pale barabara ya Dutwa kulikuwa na geti la ushuru wa mazao. Kulikuwa na kipande kilichoandikwa herufi tatu, N, O, T. Maduhu akasoma, "Noti. Geti la Noti." Akanieleza: ukiingia na noti, unatoka huna; ukiingia huna, unatoka nayo. Nikajaribu, na kweli. Mwanga ukiingia, haukutoka. Giza likiingia, mwanga ulitoka. Niliona jambo hilo ni la haki kabisa na nikatamani lingewekwa moja pale barabara ya Dutwa.

Vyumba vya mbele vilikuwa vya ajabu zaidi. Mwanga ukawa wa bluu, unatetemeka, haukuwa umewaka wala umezimika. Kulikuwa na geti lenye herufi H. Nilipolipachika mara ya kwanza na mwanga ukaanza kutetemeka, nilisema mwenyewe kwa mshangao, "Huenda umewaka, huenda haujawaka." Maduhu nyuma yangu akasema, "Ndiyo. H ni Huenda. Imeandikwa." Lile lenye alama ya X lilikuwa Geti la Kosa, kama mwalimu anavyokupiga mkasi kwenye daftari. Na mwisho wa waya kulikuwa na kisanduku chenye duara na mshale ndani yake. Hicho hakikuhitaji kusomwa na mtu yeyote wa Bariadi. Ilikuwa mizani. Ni ile ile inayoning'inia kwenye ghala la kununulia pamba, yenye uso wa saa na mshale unaotikisika. Nasi tulijua tabia yake. Pamba ikiwa nyumbani ni nyingi. Mizani ikishaitazama, inakuwa ilivyosema mizani, na hakuna wa kubisha. Mwanga wa bluu ulikuwa hivyo hivyo. Ulitetemeka njia nzima ukiwa na mambo mawili ndani yake, ukifika kwenye mizani ukakoma, ukawa umewaka au umezimika basi.

Leo najua mambo hayo yanaitwaje. Nilifundishwa chuoni na watu wenye shahada nyingi, na sikupata hata mmoja aliyenieleza vizuri kuliko ile mizani.

Likizo ile baba alikuja na fomu. Ilikuwa fomu ya kujiunga na shule ya Maduhu, na ilikuwa kwa ajili yangu. Aliiweka juu ya kabati, akaibana na redio, akasema hataijaza kwanza. "Kule si mahali pa kupeleka mtoto kwa sababu ni mtoto wa mtu," alimwambia mama. "Nataka nimwone kama anaelewa au anashikashika." Mama akasema mbona kutwa yuko kwenye kompyuta. Baba akasema hata panya anaingia kwenye kompyuta.

Kwa wiki nzima niliitazama ile fomu kila nikipita. Nilikuwa nimeshachagua rangi ya sanduku.

Jumapili baada ya kanisa baba akavuta kiti, akakaa pembeni yetu, akasema, "Haya, nionyesheni." Mama akasimama mlangoni anajifuta mikono. Tulikuwa kwenye chumba cha kumi na tisa, kilichotushinda siku tatu. Kulikuwa na taa mbili ambazo sisi tuliziita Kulwa na Doto, kwa sababu zilikuwa pacha: zilifungwa kwa waya wa namna yake, ukimpima Kulwa, na Doto anatulia hapo hapo, na wakati wote wanakuwa sawa. Wote wanawaka au wote wanazima. Mlango ulitaka mmoja awake na mwenzake azime. Huwezi kuchagua ni yupi, kwa kuwa wote wawili ni huenda mpaka mizani iseme. Tulikuwa tumejaribu kupachika kila kipande sehemu iliyo kabla ya ule waya wa pacha.

Maduhu akaegemea mbele. "Inasema hivi," akaanza, kwa sauti ya kanisani. "Inasema kwamba... mtu... anapoingia kwenye chumba hiki..."

Mimi nilikuwa naangalia mama alivyosimama mlangoni. Nakumbuka kabisa. Mguu mmoja ndani, mmoja nje. Na nikaona, sijui niseme nimeona vipi, kwamba kosa halitakiwi kuwekwa kabla. Linatakiwa kuwekwa baada. Waache wafungwe pacha kwanza, kisha mkosee Doto peke yake. Chochote atakachokuwa Kulwa, Doto atakuwa kinyume chake, na hutahitaji kujua.

Nikaokota Geti la Kosa, nikalipachika kwa Doto, baada ya ule waya.

"...anatakiwa aweke kosa kwa Doto," alimalizia Maduhu.

Mizani ikatikisika, Kulwa akawaka, Doto akazima. Mlango ukafunguka.

Mama akapiga kigelegele kifupi, cha kujizuia. Baba hakupiga makofi. Alikuwa anaangalia kioo, kisha Maduhu, kisha mimi.

"Nani kaamua hapo?" akauliza.

"Imeandikwa, baba," Maduhu akajibu. "Mimi namsomea, yeye anabonyeza."

"Vyumba vyote hivyo?"

"Vyote. Peke yake hawezi. Ni vidole tu."

Baba akanigeukia. Aliniita mayu, kama Wasukuma wanavyomwita binti kwa jina la mama. "Mayu, ni kweli? Kaka yako ndiye anayekwambia?"

Nataka mnielewe hapa, kwa kuwa nimelifikiria jambo hili kuliko mtihani wowote. Sikumwogopa Maduhu. Sikudanganya. Niliamini kwa moyo wote kwamba yale majibu yalikuwa yameandikwa pale juu kwa Kiingereza, na kwamba kila kilichonijia kichwani kilinijia kwa sababu kaka yangu amekisoma. Kama mtu anayesimama karibu na redio akadhani anaimba. Kwa hiyo nilipiga goti kidogo, kama tulivyofundishwa kumjibu baba, nikasema, "Ndiyo, baba."

"Basi," alisema.

Ile fomu haikujazwa. Sikumbuki ilikwenda wapi. Nakumbuka redio ilirudi mahali pake na ikasikika vizuri zaidi. Muhula ulipoanza Maduhu aliondoka na basi la Mwanza, nami nikarudi shule yetu ya msingi, tulikokaa watatu dawati moja. Sikulia. Niliona ni sawa. Mtu asiyejua hawezi kwenda mahali pa wanaojua.

Nilisoma hivyo hivyo, nikafaulu, nikaenda mbele, nikachagua elektroniki kwa sababu ya ile mikono ya kijivu. Mwaka wa kwanza, kwenye maabara, mwalimu alinyanyua kipande kidogo akauliza nani anakijua. Kwa mara moja maishani nikanyoosha mkono bila kufikiri. "Noti geti," nikasema. Nilisema kwa furaha. Maabara nzima ililala juu ya meza kwa kicheko: lilikuwa neno la Kiingereza 'not', yaani 'si', wala si noti ya pesa. Kijana mmoja akauliza, "Ya elfu tano au elfu kumi?" na jina likanishika: mpaka namaliza chuo, niliitwa Noti.

Mtu mwingine angejiuliza siku ile ile kuhusu kaka yake. Mimi nilimtetea, usiku mzima, kichwani. Labda aliona haraka. Labda huko Mwanza wanatamka hivyo. Labda alijua, akanirahisishia. Nikimtetea mtu kichwani, sibakizi ushahidi wowote dhidi yake.

Basi siku hiyo ya harufu, nilitoa nyuzi zote za pamba kwa kibano cha nyusi, nikarudisha mfuniko, nikawasha. Gemu ilikuwepo. Vyumba vyetu vyote vilikuwa vimehifadhiwa, kimoja kimoja, kama picha za ukoo. Nikafungua cha kwanza, na kwa mara ya kwanza nikasoma mwenyewe.

Kilisema: Karibu. Tumia mishale kutembea. Cha pili kilisema: Kama unasikia kizunguzungu, pumzika. Cha tano kilieleza kwamba ukuta wa nyuma ni mzuri kutazamwa. Nikaanza kufungua haraka haraka, namtafutia kaka yangu mstari mmoja, mmoja tu, uliosema weka hiki pale. Haukuwepo. Kwenye geti la H hapakuwa na Huenda wala maelezo yoyote, palikuwa na utani kuhusu paka ambao hata leo sijacheka. Nikafika cha kumi na tisa. Mistari miwili. Nitaitafsiri mimi, na tafsiri yangu mnaweza kuiamini: Katika chumba hiki hatutakupa msaada. Unayoyajua yanatosha.

Nilikaa pale mpaka umeme ukakatika na kioo kikawa cheusi.

Kesho yake nilikwenda Dutwa. Maduhu ana duka la vipuri vya pikipiki pale senta, karibu na wanapopanga baiskeli za kukodi. Vijana wa bodaboda wanamwita Profesa kwa sababu ya ile shule. Walikuwa watatu wamekaa kwenye benchi lake.

"Profesa, dada kaja na ofisi yake," mmoja akasema alipoona begi la kompyuta.

"Anakuja kukuajiri, bosi. Funga duka."

Maduhu akacheka, akanikumbatia kwa viwiko ili asinipake girisi. "Kabula! Mwadila," akanisalimu kwa Kisukuma. "Mbona hujapiga simu? Kaa. Wewe, mpishe dada kiti, unaota mizizi hapo."

Nikaomba nichomeke kompyuta. Alipoiona, uso wake ulibadilika, lakini kidogo, kama mtu aliyekutana na mwalimu wake wa zamani sokoni. Nikafungua chumba cha kumi na tisa, nikageuza kioo kimtazame.

"Nisomee," nikasema.

"Nini tena?"

"Kama zamani. Inasemaje?"

Akafuta mikono kwa tambara, taratibu, kidole kimoja kimoja. Akainama. Midomo ikaanza kucheza. Nikaweka mikono yangu yote miwili chini, magotini, isionekane. Akatazama kioo, kisha macho yake yakashuka pale mikono yangu ilipotakiwa kuwa, yakarudi juu, yakashuka tena. Niliona. Mtu akishakuonyesha mara moja anachotazama, huwezi tena kutokuona.

"Hebu nendeni mkanywe chai," akawaambia vijana.

"Profesa anaogopa mtihani," mmoja akasema, lakini walikwenda.

Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. "Unajua kule shuleni," akasema, "ukisema neno la Kiswahili ulikuwa unavalishwa kibao shingoni. Kina kamba, kimeandikwa maneno. Unakaa nacho mpaka umsikie mwingine akikosea umvalishe. Wengine walijifunza Kiingereza. Mimi nilijifunza kunyamaza. Miaka yote ile, Kabula, nilikuwa bubu. Nilikuwa najua salamu tu, na siti dauni."

"Na gemu?"

"Sikuwa nasoma kioo. Nilikuwa nasoma mikono yako." Akatabasamu kidogo, kama vile amenipa zawadi. "Ulikuwa hatari, wewe. Ukishika kitu, nilikuwa najua ni chenyewe."

"Kwa nini hukumwambia baba hivyo?"

Tabasamu likaondoka. "Ungekuja pale, wiki ya kwanza ungejua mimi ni nani. Wiki ya pili mama angejua. Na wale ng'ombe wa babu? Ningemwangalia nani usoni?" Akaokota skrubu chini, akaiweka kwenye kopo lisilo lake. "Halafu si umesoma? Wewe una digrii. Mimi nauza klachi. Nani kaibiwa hapo?"

Nilikuwa na jibu. Nilitaka kumwambia kwamba shule siililii, kwamba hata dawati la watu watatu lilinifikisha. Alichochukua ni kingine. Kila mlango niliofungua kwa akili yangu, alisimama nyuma yangu akaniambia si mimi. Aliniambia hivyo kwa upole, likizo baada ya likizo, mpaka nikawa mtu asiyeweza kutuma barua. Lakini vijana walikuwa wanarudi na vikombe vyao, na mimi sijui kugombana mbele ya watu. Nikachomoa kompyuta. Akanisindikiza mpaka kituoni, akanilipia gari, akasema msalimie mama.

Njia nzima nilikuwa na wazo moja la kunishikilia: baba. Baba alidanganywa kama mimi. Nikimwambia, tutakuwa wawili.

Nilimkuta nyuma ya nyumba, amekaa kwenye mkeka, miguu imenyooshwa, anachambua mbegu za mahindi za msimu ujao. Jua lilikuwa bado liko juu ya bati la jirani. Magoti yake hayafanyi kazi vizuri siku hizi. Nikampa salamu za Maduhu, nikakaa, nikamweleza yote. Nilieleza vibaya, nikirudia rudia, lakini nikafika mwisho: kaka hakujua kusoma kile Kiingereza. Hakujua hata siku ile. Ni mimi niliyefungua ule mlango.

Akatupa mbegu moja iliyotobolewa, kuku akaikimbilia.

"Nilijua," akasema.

Nilidhani hajanisikia.

"Mayu, mimi ni fundi. Mkono wako ulishakwenda, yeye bado yuko kwenye 'mtu anapoingia'. Wewe ulishaweka kitu chako, yeye ndio anatafuta neno. Fundi hahitaji Kiingereza kuona hilo."

"Sasa kwa nini, baba?"

"Nilikuuliza. Nilikuuliza mbele yao wote, ni kweli? Ungesema hapana, ile fomu ningeijaza palepale, na kaka yako angejua ni wewe umesema, si mimi."

"Nilikuwa na miaka tisa." Sauti yangu ilitoka ndogo, ya miaka tisa. "Ulidhani nitasema nini?"

Alichambua mbegu nyingine nne, tano. Nilizihesabu kwa sababu sikuweza kufanya kitu kingine. Nilikuwa nataka aseme alifikiri nitakataa. Nilikuwa nataka aseme alisubiri, akaumia aliposikia jibu langu. Ningeweza kuishi na hilo.

"Nilijua utasema ndiyo," akasema. "Hukuwa mtoto wa kubisha." Kisha, akiwa anaangalia kuku na si mimi: "Maduhu angeaibika, angeishia pale. Mtoto wa kiume, wazee wameshatoa ng'ombe. Nilihitaji neno la kulimaliza jambo, na lisitoke kwangu."

Kwa hiyo lilitoka kwangu. Walikuwa wawili wanaojua sebuleni siku ile, baba na mwanawe wa kiume, kila mmoja ananyamaza kwa sababu zake, na aliyeambiwa apige goti aseme ni yule asiyejua.

Mama akaita kutoka ndani kwamba ugali uko mezani. Baba akasukuma ungo pembeni, akaninyooshea mkono nimwinue, kama anavyofanya kila siku tangu nirudi. Nilitazama ule mkono. Nililifikiria jambo lile kwa muda mrefu kuliko binti anavyopaswa kulifikiria, nikaona hata yeye ameanza kushangaa kwa nini mkono wake umebaki hewani. Kisha nikaushika, nikamvuta. Magoti yakalia, akaguna kwa maumivu, akasimama akiniegemea bega. Mtu yeyote wa kwetu, hata mgeni, hata adui, mzee akiguna hivyo anamwambia pole. Linatoka lenyewe, halihitaji moyo.

Sikulisema. Tulitembea mpaka mlangoni hatua kwa hatua, ameniegemea, na nikajua analisubiri.